Uzi Kwenye Kopo la Biskuti

Jumatatu, 5 Juni

Tumekaanga dengu tangu saa moja asubuhi. Minza kwenye chungu cha mchanga, mimi kwenye kinu. Moshi machoni. Jua halijawa kali na tayari nimeudhika.

Biskuti nne hazipo.

Jumamosi nilizipanga mwenyewe koponi, karatasi kati ya safu na safu. Leo safu ya juu ina pengo. Na kopo nimelikuta limefunikwa. Panya akishakula hafuniki kopo.

Nimeendelea kutwanga. Minza hakuinua macho. Kimya chake sikipendi.

Jumanne, 6 Juni

Niandike mambo yalivyo nisije nikajichanganya.

Nilikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika miaka tisa. Tulipopunguzwa kazini niliondoka na daftari hili la jalada gumu. Hakuna aliyelidai. Sasa pamba ananunua yeyote mwenye lori na mizani, na mume wangu amepata kibarua kwa mmoja wa hao wanunuzi wapya. Anazunguka vijijini wiki nzima, anarudi Jumapili. Nyumbani tunabaki watatu: mimi, wifi yangu Minza, na Baba Mkwe kwenye nyumba yake ng'ambo ya uwanja.

Biskuti ni akili yangu. Unga wa dengu, unga wa uwele, karanga za kutwanga, asali ya Bukundi, mayai, chumvi kidogo. Hakuna ngano, hakuna sukari. Tunaoka kwenye sufuria kubwa, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Sista wa zahanati ya parokia alizionja akasema hiki ndicho mtoto anayeachishwa ziwa anatakiwa kupewa. Ijumaa ya tarehe 23 ataamua. Ama atachukua zetu kila wiki kwa watoto wa kliniki, ama atachukua pakiti za dukani kwa Luhende, zile zenye picha ya mtoto wa mashavu.

Naitaka kazi hii vibaya sana. Zamani nikipita watu waliniambia, "Pole na kazi." Siku hizi wananiuliza, "Upo tu?"

Luhende anataka kujua tunaweka nini. Ameniuliza mara tatu, huku anacheka. Anayeuliza huku anacheka anataka jibu kuliko wote. Vipimo nimeviandika ukurasa wa mwisho wa daftari hili kwa hati mkato ya ofisini. Humu ndani hakuna anayeijua.

Alhamisi, 8 Juni

Leo tano.

Minza alikuwa peke yake jikoni nilipokwenda kuteka maji. Niliporudi alikuwa amejifunga kanga ya pili, na joto hili. Nikamuuliza, baridi? Akasema hapana. Basi.

Miaka miwili tangu arudi kutoka Malampaka alikoolewa. Mume alimrudisha kwa sababu hakuzaa. Baba Mkwe hakubishana. Alisema binti yangu atakaa hapa, ng'ombe wao waje wawachukue. Wakaja, wakawaswaga wote pamoja na ndama. Zizi limebaki na ng'ombe watatu, na mzee hajawahi kulitaja jambo hilo.

Namwonea huruma Minza. Lakini huruma ni kitu kimoja na macho ni kitu kingine. Mwanamke asiye na mume, asiye na mtoto, asiye na shamba lake. Ningekuwa yeye ningetafuta changu. Na chake kingepatikana wapi kwa urahisi kama kwa Luhende?

Ijumaa, 9 Juni

Nimemwona. Dukani kwa Luhende, ameegemea kaunta. Nilisimama upande wa pili wa barabara nyuma ya marobota ya pamba. Luhende alisema neno, Minza akatikisa kichwa, Luhende akacheka. Kisha akampa kitu kwenye gazeti.

Jioni nimekiona hicho kitu. Kikombe cha bati chenye mfuniko, kipya. Amekificha nyuma ya mtungi. Sisi tuna vikombe saba. Cha nane cha nini? Na wa kumpa ni nani?

Kikulacho ki nguoni mwako. Wazee hawakusema bure.

Jumapili, 11 Juni

Mume wangu amekuja, amekula, amelala, ameamka. Nikamweleza. Akacheka mpaka akapaliwa. "Wewe ofisi imekuharibu. Biskuti tano!" Nikamwambia si biskuti, ni kazi. Akasema dada yake hawezi kuiba hata punje ya dengu. Ndugu hutetea ndugu. Sikutegemea zaidi ya hapo.

Jambo jingine. Sahani ya Baba Mkwe imerudi tena na ugali wote. Umemegwa pembeni tu, kama kuku amedonoa. Wiki ya pili sasa. Anakula shikome, pale kwenye moto wa wanaume, na vijana wa jirani wanaomletea habari za mnada. Mimi siendi pale. Mkwe na mkamwana hawatazamani wakila, hawaketi pamoja, hawaitani majina. Miaka kumi na moja nimempikia na sijawahi kumwona akitafuna. Jina lake sijalitamka, na hata humu siliandiki. Neno lake likitaka kunifikia linapita kwa mume wangu au kwa Minza.

Kwa Minza. Ndiyo. Basi nani anamwambia chakula changu kibaya?

Jumatatu, 12 Juni

Nimefunga uzi mweusi kwenye kopo, umezunguka chini na juu, fundo upande wa ukutani. Fundo la ofisini, lile la kufungia mafaili. Tuone.

Jumanne, 13 Juni

Uzi upo. Fundo si langu.

Nimelitazama mara mbili kwenye mwanga. Hili ni fundo la kufungia ndama. Alikuta uzi, akaufungua, akachukua zake, akaufunga tena kwa adabu. Na mchana kutwa amekaa mbele yangu akikaanga dengu, shingo imeinama juu ya chungu, anasikiliza. Ana tabia hiyo. Hatazami dengu, anasikiliza tu, halafu ghafla anaipua. Nilidhani ni uzembe. Sasa naona ni mtu anayekwepa macho.

Nimekasirika. Zimebaki siku kumi.

Alhamisi, 15 Juni

Nimetengeneza dawa ya mwizi.

Biskuti ishirini za safu ya juu nimezitia majani makavu ya mwarobaini, nimeyasaga laini. Kwa macho ni zilezile. Nimeonja kipande nikakimbilia maji. Atakayekula hizi uso utamsema. Kama ni Minza, nitamwona akikunja. Kama anampelekea Luhende achunguze ladha, Luhende atajua dengu za Bariadi zina hasira.

Nimezipanga juu kabisa. Za Sista nimezihamishia chumbani, chini ya kitanda. Nimecheka peke yangu, jambo ambalo sijalifanya tangu nipunguzwe kazini.

Ijumaa, 16 Juni

Sita zimeondoka.

Uso wa Minza shwari. Tena zaidi ya shwari. Leo ameimba akipepeta uwele. Amenitekea maji ya kuoga bila kuombwa, ameniita "wifi yangu" mara mbili. Mtu aliyekula mwarobaini haimbi. Kwa hiyo si yeye anayekula. Anapeleka.

Nimepita kwa Luhende. Alikuwa anakunywa soda, uso umejaa furaha. Akaniuliza Sista anaamua lini. Anajua! Nani kamwambia?

Jumamosi, 17 Juni

Nimemaliza leo. Sijui kama nimemaliza vizuri.

Alikuwa anatoka jikoni. Majirani wawili walikuwa uwanjani wanasubiri kuazima chekeche. Nikamwambia afungue kanga. Akanitazama. Nikarudia kwa sauti. Akaifungua, akaikung'uta mbele yetu sote, na zikaanguka biskuti tatu zilizofungwa kwenye karatasi, na kile kikombe cha bati.

Majirani wakatazama chini.

"Wifi, si za kwangu," alisema.

Nikamwambia najua si zake, ni za Luhende. Nikamwambia anauza jasho langu kwa kikombe cha bati. Nikasema na maneno mengine. Moja lilihusu Malampaka na kwa nini alirudishwa. Hilo sikuwa nimelipanga, lilitoka lenyewe.

Akainama, akaziokota zote tatu, akazipangusa mchanga, akaziweka juu ya mawe ya jiko. Saa nane akapanda lori la pamba. Amekwenda Binza kwa mama yake mdogo.

Nimeshinda. Nyumba ni kimya.

Jumatatu, 19 Juni

Nimekaanga dengu peke yangu. Chungu cha kwanza zimeungua. Cha pili nikaipua mapema, zikatwangika kama udongo na unga unanuka ubichi. Cha tatu nusu hivi, nusu vile. Vipimo ninavyo. Nimevisoma neno kwa neno kwenye ukurasa wangu wa siri. Umeandikwa: "dengu, kaanga hadi ziive." Hadi ziive! Mpumbavu gani aliandika hivyo?

Sasa namkumbuka Minza na shingo yake. Dengu zikiwa kwenye mchanga wa moto hulia, tiki-tiki-tiki. Yeye alingoja ule mlio ugeuke. Mimi nasikia kelele tu.

Basi kama angetaka kumpa Luhende siri, asingehitaji biskuti hata moja. Siri ilikuwa sikioni mwake tangu mwanzo. Nimelitazama wazo hili nikalifukuza, nalo limerudi.

Saa kumi Sista alipita akielekea kijijini, nikamwonjesha. Ana adabu, alimeza. Akasema, "Hizi si zile." Akasema Ijumaa anataka zile.

Jumanne, 20 Juni

Niandike kabla jioni haijaingia.

Asubuhi nilikuwa natwanga. Kivuli kikaziba mlango. Nikageuka, na pale mlangoni pa jiko langu alikuwa amesimama Baba Mkwe.

Hajawahi kufika pale. Miaka kumi na moja. Alinipa mgongo, uso ameuelekeza zizini, fimbo mkononi. Nikapiga magoti nyuma ya kinu. Mgongo wake umekonda. Shati lilikuwa linaning'inia kama lipo kwenye kamba.

Akaongea na uwanja, si na mimi. Nayaandika kama yalivyo, salamu na shukrani zake za Kisukuma zikiwemo.

"Mwangaluka, mayu. Nimekuja mwenyewe, sina wa kumtuma. Wabeja kwa dawa. Ile uliyotia kwenye biskuti, chungu kweli. Nililoweka kwenye maziwa, nikala zote. Homa imeshuka. Sikumwambia mtu naumwa. Ulijuaje?"

Nikasikia anahema.

"Meno yamekwisha, mayu. La mwisho lilitoka wakati wa palizi. Ugali wako mzuri, ila nautazama tu, na pale shikome kuna vijana. Nikamwambia Minza asiseme. Mzee kula chakula cha watoto, ni aibu. Sasa simwoni Minza, leo siku ya tatu. Amekwenda wapi binti yangu?"

Nilipaswa kusema. Ulimi ulikuwa mdomoni na maneno yalikuwepo. Nikasema, "Yuko Binza, baba. Kesho namfuata."

"Wabeja," akasema tena. Akavuka uwanja polepole, bila kugeuka.

Alikuwa ana njaa. Wiki zote hizo nimempelekea ugali na samli, na yeye ana njaa, na mimi nafunga uzi. Nikampa mwarobaini, na ananishukuru. Nimelia mpaka kinu kimelowa. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumatano, 21 Juni

Binza. Nimempata Minza nyuma ya nyumba ya mama yake mdogo, anachambua choroko kwenye ungo. Mama mdogo alinipa kigoda, hakunipa maji. Nilistahili.

Sikujua pa kuanzia. Nikamwambia Baba alikuja mwenyewe jikoni. Hapo Minza aliacha kuchambua. Alijua mara moja ni kitu kikubwa kiasi gani.

Akanieleza bila kupandisha sauti. Kikombe alikinunua kwa akiba yake, ili biskuti zilowekwe humo na kifunikwe, vijana wasione. Luhende alimuuliza vipimo, akamwambia hajui kusoma. Habari ya Sista na tarehe yake kila mtu sokoni anaijua. Mimi ndiye niliyewatangazia.

Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia mimi?

"Angejua kwamba unajua, angeacha kula," alisema.

Halafu akasema jambo ambalo ningependa nisilisikie. Zile chungu alizionja kabla ya kumpelekea. Akatambua mwarobaini. Akadhani nimegundua kwamba Baba anaumwa, nami kwa sababu ya heshima nimemtilia dawa kimyakimya, bila kumwaibisha mtu. Akafurahi sana. Ndiyo maana siku ile aliimba.

Vidole vikarudi kwenye choroko.

"Kumbe ulikuwa mtego," akasema.

Nikasema ndiyo. Nikamwomba msamaha, na kwa lile neno la Malampaka nikamwomba peke yake. Akaitikia kwa kichwa. Kichwa tu. Kisha akakunja kanga zake mbili kwenye mfuko, akasema twende, Baba atakuwa hajala.

Tumerudi na basi la saa tisa. Njia nzima alitazama nje, upande wa mashamba.

Alhamisi, 22 Juni

Tumekaanga. Minza chunguni, mimi kinuni. Nimesogea karibu nisikilize naye. Mlio ulipogeuka akaipua, nami sikuusikia ukigeuka. Nikamwomba anifundishe. Akasema nitauzoea.

Unga umetoka wa njano, unanukia nyumba nzima.

Ijumaa, 23 Juni

Sista amezichukua. Kila Ijumaa, kuanzia wiki ijayo. Alikula mbili amesimama, ya tatu akaitia mfukoni. Pakiti za mtoto wa mashavu zimebaki kwa Luhende, ambaye amenipongeza na kuniuliza tena tunaweka nini.

Nikamwambia tunaweka Minza. Akadhani namtania.

Nilidhani nitafurahi zaidi ya hivi.

Jumatano, 28 Juni

Ujumbe kutoka ng'ambo ya uwanja, kupitia kwa Minza. Mzee anasema biskuti tamu ni nzuri, lakini anaomba zile za dawa zisikatike. Anasema tangu azile anasikia nguvu miguuni. Kwa maoni yangu ni biskuti na maziwa, si mwarobaini. Lakini nani atamwambia, na kwa mlango gani?

Kwa hiyo nasaga majani. Sita chungu, kila Jumatano. Naonja kila mara, kipande kizima, na sinywi maji.

Minza hajamwambia ukweli. Nilimuuliza. Akasema hakuna faida ya kumwambia.

Jumapili, 2 Julai

Siku tulivu. Mume wangu amekuja. Anasema Baba amenenepa, anauliza tunampa nini. Tumetazamana mimi na Minza. Kwa kitambo kidogo ilikuwa kama zamani.

Kopo sasa linakaa wazi juu ya meza. Uzi niliutupa motoni. Nimemwambia Minza achukue za Baba wakati wowote, kiasi chochote, asiniulize.

Anachukua. Lakini akifika mlangoni anasimama, anafungua kanga yake, anaikung'uta mbele yangu, upande mmoja na upande wa pili. Anaonyesha kikombe na kilichomo. Halafu anajifunga upya na kutoka. Siku ya kwanza nilimwambia haina haja. Siku ya tatu nilimsihi. Hasemi kwa hasira. Anasema, "Ni vizuri, wifi," na anakung'uta.

Leo jioni pia amekung'uta. Nilikuwa nachekecha unga. Nilitazama, kwa sababu alikuwa anangoja nitazame, kisha akavuka uwanja kumpelekea baba yake.